Majibu ya damu yametoka na yamejaa H na L, sasa unayasomaje?

Karatasi imetoka maabara, ina mistari ishirini na kitu, vifupisho vya ajabu ajabu, namba zenye nukta, na pembeni kuna H hapa, L pale, nyingine zimewekewa nyota kabisa. Moyo unaruka. Kabla hata hujarudi kwa daktari ushapiga picha ushatuma kwenye grupu la familia, na humo ndani kuna mtu keshasema ini limekwisha, mwingine keshakuandikia dawa ya kusafisha damu. Tulia kwanza. H maana yake namba imezidi kikomo cha juu kilichoandikwa pembeni, L imeshuka chini ya kikomo cha chini, basi. Mashine iliyobandika hizo herufi haijui kama una mimba, haijui unatumia dawa gani, haijui juzi ulibeba vyuma hadi mikono ikatetemeka, yenyewe inalinganisha namba na namba.

Na hivyo vikomo vimetoka wapi? Kwa kawaida wanachukuliwa watu wanaoonekana wazima wa afya, mara nyingi angalau 120, wanapimwa, majibu yao yanapangwa kuanzia dogo hadi kubwa, halafu inakatwa asilimia 2.5 ya chini na asilimia 2.5 ya juu. Ile 95 iliyobaki katikati ndo inaitwa kawaida. Umeona kilichofanyika hapo? Watu watano katika kila mia wametupwa nje kwa makusudi, na hawaumwi kitu. Sasa fanya hesabu, ukipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa mtu asiye na ugonjwa wowote kutoka na karatasi safi isiyo na H wala L hata moja ni kama asilimia 36 tu, waliobaki wote watakuwa na angalau kitu kimoja cha kuwatia presha. Ndo maana binafsi sipendi zile chekapu za kupima kila kitu kwa mpigo mtu akiwa hana dalili yoyote, ukivua na wavu mkubwa kiasi hicho lazima utoke na takataka, halafu unaanza safari ya kupima tena na tena kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Ila sio vikomo vyote vimetengenezwa hivyo. Vya sukari na kolesteroli vimewekwa kwa kuangalia madhara, yaani kuanzia namba gani macho yanaanza kuharibika, kuanzia namba gani mishipa ya moyo inaanza kuziba. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa sawasawa na wenzake wote mtaani na bado kolesteroli yake ikawa juu, kwa sababu hao wenzake nao wako juu.

Kitu kingine kinachowachanganya watu bure ni yuniti. Hemoglobini 12 na hemoglobini 120 ni kitu kilekile, moja imeandikwa kwa gramu kwenye desilita, nyingine gramu kwenye lita. Sukari 7 na sukari 126 ni kitu kilekile, unazidisha au unagawanya kwa 18. Kreatinini, kile kipimo cha figo, 1 upande mmoja ni kama 88 upande wa pili. Chembe nyeupe 5.2 na chembe nyeupe 5,200 hamna tofauti. Kwa hiyo kama umepima maabara mbili tofauti na namba zinaonekana zimeruka mbinguni, angalia kwanza kile kimaandishi kidogo mbele ya namba kabla hujaanza kuaga ndugu.

Haya, tuingie kwenye chenyewe. Kipimo kinachoagizwa kuliko karibu vyote ni picha nzima ya damu, wengine wanaita FBP, wengine CBC, wengine hemogramu. Watu wengi wanaangalia mstari mmoja tu, HGB, yaani hemoglobini, ile tunayosema "damu yangu ni ngapi". Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 13 kwa mwanaume, chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba, na kwenye mimba kikomo kinashuka hadi karibu 11 kwa sababu maji ya damu yanaongezeka kuliko chembe. Lakini HGB peke yake inakwambia damu imepungua tu, haikwambii kwa nini, na kwa nini ndo swali lenye pesa.

Jibu la kwa nini liko mistari michache chini, watu wanairuka. Chukua mfano wa karatasi ya mwanamke wa miaka 34, hana mimba, analalamika kuchoka na kuishiwa pumzi akipanda ngazi. HGB 10.4, RBC 4.6, MCV 71, RDW 18, PLT 480, WBC 6.1. Zipo H na L nne hapo na ukizisoma mojamoja utadhani ana magonjwa manne. Sasa zisome pamoja. RBC ni idadi ya chembe nyekundu, MCV ni ukubwa wa chembe hizo, kawaida ni 80 hadi 100, zake ni ndogo. RDW inasema chembe zinatofautiana kiasi gani kwa ukubwa, kawaida haivuki sana 14.5, zake zimechanganyika, kubwa na ndogo, maana yake kiwanda kimeanza na mali ghafi ya kutosha na sasa inaisha. PLT ni chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimepanda juu ya 450, na madini ya chuma yakipungua mwilini chembe sahani hupanda kidogo zenyewe. Kwa hiyo ile H ya PLT iliyokuwa inatisha ni sehemu ya hadithi hiyohiyo. Vyote vinne vinasema kitu kimoja, chuma kimepungua.

Sasa weka pembeni karatasi ya pili, HGB 11.8, RBC 5.9, MCV 66, RDW 14. Chembe ni ndogo hata kuliko za yule wa kwanza, lakini ziko nyingi mno na zinalingana. Kuna hesabu ya haraka hapa, unagawanya MCV kwa RBC. Yule wa kwanza anapata kama 15, huyu anapata kama 11. Juu ya 13 inaelekea upungufu wa chuma, chini ya 13 inaelekea thalasemia, hitilafu ya kurithi kwenye utengenezaji wa hemoglobini, ile ya kubeba tu jeni bila kuumwa. Sio hesabu ya kufungia kesi, hapana, inabidi kipimo cha aina za hemoglobini kifanyike, ila inaonyesha kwa nini huyu wa pili akipewa vidonge vya chuma mwaka mzima hatapanda hata nukta moja na kila mtu atabaki anashangaa.

Na hata kwa yule wa kwanza vidonge sio mwisho wa maneno. Chuma kimeenda wapi? Kwa mwanamke anayepata hedhi nzito jibu mara nyingi liko wazi, au mimba zilizofuatana, au minyoo aina ya safura inayonyonya damu polepole. Lakini mwanaume wa miaka 60 au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akikutwa hana chuma, hapo lazima utumbo na tumbo vichunguzwe, kidonda au saratani ya utumbo mpana inaweza kuvuja damu kidogokidogo miezi kibao bila mtu kuona chochote chooni. Kumpa huyo vidonge akapanda hadi 13 na kumrudisha nyumbani ni kumfichia ugonjwa. Hili linaniudhi kwa sababu linatokea sana.

Ukitaka kuhakikisha chuma unapima feritini, ambayo ndo akiba. Chini ya 15 akiba imeisha, hamna mjadala. Tatizo ni kwamba feritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe wa ndani, kwa hiyo mtu mwenye homa anaweza kuonyesha feritini 50 inayopendeza machoni na huku ghala ni tupu, ndo maana Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima mwenye maambukizi linatumia kikomo cha 70 badala ya 15.

MCV ikiwa kubwa, juu ya 100, mawazo yanahamia kwingine, upungufu wa vitamini B12 au foleti, pombe, ini, tezi ya shingo kufanya kazi kivivu, na dawa. Hapa dawa ziangaliwe kweli. Metformini ya kisukari ikitumika miaka mingi inaweza kushusha B12. Zidovudini, dawa ya VVU, inakuza chembe. Haidroksiyurea wanayopewa wenye selimundu inakuza chembe pia, tena kwao ni habari njema, daktari akiona MCV inapanda anajua dawa inamezwa kweli.

Chembe nyeupe, WBC, kawaida ni 4 hadi 11, ila jumla peke yake ni habari nusu, angalia mgawanyo wa aina zake. Nyutrofili zikipanda inaelekea bakteria, lakini pia zinapanda kwa sigara, mimba, msongo mkubwa, mazoezi makali na dawa za steroidi, kwa hiyo mtu wa pumu aliyepewa vidonge vya predinisoloni juzi akija na WBC 14 msimkimbizie antibayotiki. Limfosaiti zikipanda mara nyingi ni virusi. Eosinofili zikipanda fikiria minyoo, aleji, pumu, au dawa iliyomkataa mtu. Na ukiangalia mgawanyo usiishie kwenye asilimia, tafuta idadi kamili, kwa sababu asilimia 60 ya limfosaiti inaweza kuwa limfosaiti za kawaida kabisa ila nyutrofili ndo zimepungua.

Hapo kuna jambo linalowagusa wengi wanaosoma Kiswahili. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana nyutrofili chache kuliko vikomo vilivyochapwa kwenye karatasi, kwa sababu vikomo vingi vilipatikana kwa kupima watu wenye asili ya Ulaya. Ni jeni inayoitwa Duffy, sisi wengi chembe nyekundu zetu hazina hiyo alama ya Duffy, na kutokuwa nayo ndo kunakomkinga mtu na ile malaria ya vivaksi kwa kiasi kikubwa. Kinga ya watu hawa ni nzima, hawaugui zaidi ya wengine. Kwa hiyo mtu mwenye nyutrofili 1.3 mwaka huu, 1.4 mwaka juzi, hajawahi kulazwa kwa maambukizi, huyo pengine ndo alivyo. Kuna watu wamepunguziwa dozi za dawa za saratani au wamefanyiwa vipimo vya uboho kwa sababu ya namba ambayo kwao ni ya kawaida. Tofauti na hapo, nyutrofili chini ya 0.5 na homa juu yake ni dharura, hapo usilale nyumbani.

Chembe sahani zikishuka chini ya 150 watu wanaogopa kuvuja damu, lakini mwili una akiba kubwa, damu kutoka yenyewe bila kuumia inakuwa hatari kweli zikifika chini ya 20, na hasa chini ya 10. Malaria inazishusha, dengue inazishusha, virusi vingine, dawa kadhaa, na ini bovu likiambatana na bandama iliyovimba. Kisha kuna huu mchezo, kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau kuna kemikali ya kuzuia damu isigande, na kwa watu wachache kemikali hiyo inafanya chembe sahani zishikane mafungu mafungu, mashine inahesabu fungu zima kama kitu kimoja au haihesabu kabisa, mtu anaambiwa ana 38 na yuko fiti anacheka. Dawa yake ni mtaalamu wa maabara kuangalia kwa darubini au kurudia kwenye chupa ya kifuniko cha bluu. Kwa hiyo namba ya kutisha kwa mtu asiye na hata alama ya michubuko, swali la kwanza ni kama kuna mtu ameiangalia hiyo damu kwa darubini.

Sukari haina maneno mengi. Ukiwa hujala kwa muda wa saa 8 au zaidi, kuanzia 7.0 ni kisukari, HbA1c kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari, na sukari ya wakati wowote kuanzia 11.1 ikiwa na dalili, kiu, kukojoa sana, kukonda, hiyo nayo ni kisukari. Kama dalili hamna, inatakiwa majibu mawili, sio moja, ndo mtu abandikwe jina. Ninachotaka ukishike ni HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Kinapima sukari iliyogandia kwenye chembe nyekundu, na kimejengwa kwenye wazo kwamba chembe inaishi kama siku 120. Kama chembe zako zinakufa mapema, mfano una selimundu, au umeongezewa damu karibuni, au umevuja damu nyingi, HbA1c itasoma chini na kukudanganya kwamba uko salama. Upungufu wa chuma unafanya kinyume, unaipandisha kidogo. Kwa hiyo yule mwanamke wetu wa HGB 10.4 akikutwa na HbA1c 6.6 mimi nisingemwita mgonjwa wa kisukari kabla hajapimwa sukari ya asubuhi tumbo likiwa tupu.

Figo sasa, na hapa H inachelewa sana kuja. Kreatinini ni takataka inayotoka kwenye misuli, figo zinaitoa. Mtu mwenye misuli mingi anatengeneza nyingi, bibi mwembamba anatengeneza kidogo. Kwa hiyo kreatinini 105 kwa kijana wa jimu pengine si chochote, na kreatinini hiyohiyo kwa bibi wa miaka 80 mwenye kilo 42 ina maana figo zimebaki kidogo, na kwenye karatasi wote wawili wanaweza wasiwe na H. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake kabla kreatinini haijavuka mstari. Ndo maana siku hizi maabara wanaongeza eGFR, makadirio ya kasi ya uchujaji yanayohesabiwa kwa umri na jinsia, chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3 ni ugonjwa sugu wa figo. Hesabu za zamani zilikuwa zinaongezea watu weusi asilimia kadhaa hivihivi tu, mwaka 2021 ilitoka hesabu mpya isiyoangalia rangi. Na hata eGFR nzuri haitoshi kama una presha au kisukari, unatakiwa upimwe na albumini kwenye mkojo, kwa sababu figo huanza kuvuja protini kabla hazijashindwa kuchuja.

Mfano unaoonyesha kwa nini karatasi za zamani ni mali. Mtu kreatinini yake mwezi uliopita ilikuwa 62. Ameharisha siku tatu, huku anameza vidonge vya maumivu kama diklofenaki, anapimwa ni 98. Karatasi haina H. Lakini imepanda zaidi ya mara moja na nusu, na kupanda hivyo ndani ya siku 7 kunatosha kuitwa jeraha la ghafla la figo. Bila ile 62 ya zamani hakuna ambaye angeliona, angeambiwa figo safi na kuongezewa diklofenaki.

Potasiamu inapimwa pamoja na figo, kawaida ni 3.5 hadi 5 na kidogo. Ikivuka 6.5 inaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo haichezewi. Lakini ndo kipimo kinachodanganya kuliko vyote. Chembe nyekundu zimejaa potasiamu, zikipasuka wakati wa kutoa damu kwa sababu sindano ilikuwa nyembamba mno au chupa ilitikiswa kama soda, inamwagika yote kwenye maji ya damu. Kukunja na kukunjua ngumi kwa nguvu huku mpira umebana mkono nako kunaipandisha, na chupa kukaa saa kibao bila kuchujwa vilevile. Sukari nayo ina tabia yake, damu ikikaa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuizuia, chembe zinaendelea kuila, inashuka kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Makosa mengi ya vipimo hutokea kabla damu haijafika kwenye mashine, sio ndani ya mashine. Kwa hiyo jibu lisiloendana na mtu aliyekaa mbele yako, rudia kwanza, ila potasiamu ya juu unarudia haraka hapohapo huku umepima moyo kwa ECG, husubiri kesho.

Ini lina jina la kupotosha, wanaita vipimo vya utendaji wa ini, wakati ALT na AST hazipimi utendaji wowote. Ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli, seli ikiumia vinavuja. Kwa hiyo vinakwambia kuna uharibifu unaendelea sasa, havikwambii ini limebaki na nguvu kiasi gani. Nguvu unaiona kwenye albumini, ile protini inayotengenezwa na ini, bilirubini, ile rangi ya njano inayotolewa na ini, na INR ya kuganda kwa damu. Matokeo yake yanashangaza, mtu mwenye homa ya ini A anaweza kuwa na ALT 2,000 na akapona kabisa baada ya wiki kadhaa, na mtu mwenye ini lililosinyaa miaka mingi akawa na ALT 35 isiyo na H, kwa sababu seli za kuvuja hazijabaki nyingi. Huyo wa pili ndo mgonjwa zaidi. Ukimtazama karatasi yake utaona albumini iko chini, chembe sahani zimeshuka, INR imepanda, ini halionekani kwenye mistari ya ini.

Kingine, AST inatoka pia kwenye misuli. Kijana karudi jimu baada ya mapumziko marefu, siku mbili baadaye anapimwa kwa ajili ya kazi, AST 96 na ALT 58, anaulizwa anakunywa pombe kiasi gani. Wangepima CK, kimeng'enya cha misuli, wangekuta imepaa. ALP, kimeng'enya kingine, nayo inatoka kwenye mirija ya nyongo, lakini pia kwenye mifupa na kondo la nyuma, kwa hiyo mtoto anayerefuka na mama mjamzito wa miezi ya mwisho mara nyingi wanakuwa na H, na hawaumwi. Bilirubini iliyopanda kidogo peke yake kwa mtu mzima wa afya, macho yanakuwa njano kidogo akifunga au akiugua mafua, mara nyingi ni hali ya kurithi inaitwa Gilbert na haimdhuru. Lakini ALT iliyo juu mara mbili au tatu ya kikomo na ikabaki hivyo, itafutwe sababu, hepataitisi B na C, mafuta kwenye ini, pombe, dawa za kifua kikuu, na dawa za mitishamba, ambazo watu hawazitaji kwa daktari kwa sababu wanadhani asili haina sumu.

Kolesteroli nitaipitia haraka. Usishike ile jumla, shika LDL, ile wanayoiita kolesteroli mbaya, na LDL haina namba moja inayofaa kila mtu, mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo anatakiwa awe chini sana kuliko kijana asiyevuta sigara. Siku hizi sio lazima ufunge ndo upimwe, isipokuwa kama trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, ziko juu sana, zikizidi 4.5 ile hesabu ya kawaida ya kupata LDL inavunjika na namba unayopewa haina maana.

Tezi ya shingo inawachanganya watu kwa sababu inasomwa kinyume. TSH, homoni inayoiamuru tezi, haitoki kwenye tezi yenyewe, inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kama bosi anayemfokea mfanyakazi, mfanyakazi akiwa mvivu bosi anapaza sauti, akizidisha kazi bosi ananyamaza. Kwa hiyo TSH ya juu ni tezi dhaifu, TSH ya chini ni tezi iliyokithiri. Na kama unameza biotini, vile vidonge vya nywele na kucha, inaweza kuvuruga mashine za homoni na kumfanya mtu mzima aonekane ana tezi inayokimbia, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu biotini mwaka 2017. Mwambie daktari unavyomeza vyote, hata vile usivyoviita dawa.

Halafu kuna majibu ambayo hayana namba, ni chanya au hasi tu, na hapo watu wanadhani hakuna cha kujadili. Kipo. Vipimo vingi vya aina hiyo vinatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili kwamba uliwahi kukutana na mdudu. Kumbukumbu inabaki mdudu akishaondoka. Widali ya homa ya matumbo, kipimo chenye umri wa tangu 1896, inaweza kuwa chanya kwa mtu aliyeugua zamani, aliyechanjwa, au aliyekutana na bakteria wengine wa ukoo wa karibu, kwa hiyo Widali moja chanya haitoshi kumwambia mtu ana taifodi, kipimo cha kuotesha damu ndo chenye uzito. Kipimo cha damu cha wadudu wa vidonda vya tumbo, H. pylori, ni hivyohivyo, kinaweza kubaki chanya muda mrefu baada ya kupona, kama unataka kujua mdudu bado yupo unapimwa kwa pumzi au kinyesi. Na kile kipimo cha haraka cha malaria kinachotafuta protini ya vimelea kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya dozi kufanya kazi, kwa hiyo kukirudia siku ya saba ili kuona kama umepona hakukusaidii.

Namba ambazo hutakiwi kusubiri kliniki ya wiki ijayo ni hizi nilizogusa, potasiamu inayokaribia au kuzidi 6.5, nyutrofili chini ya 0.5 na homa, chembe sahani chini ya 20, na uongeze hemoglobini chini ya 7 hasa ikiwa imeshuka ghafla au mtu anahema, sodiamu chini ya 120, sukari chini ya 3, au sukari ya juu sana ikiambatana na kutapika na kuhema haraka. Zilizobaki nyingi zina muda.

Na kama umeambiwa urudie, muda wa kurudia unategemea kitu chenyewe kinabadilika kwa kasi gani. CRP, kipimo cha uvimbe, inashuka ndani ya siku chache mtu akipata nafuu, unaweza kuirudia baada ya siku mbili na ikakwambia kitu. Hemoglobini ya mtu aliyeanza vidonge vya chuma iangalie baada ya wiki tatu au nne, inatakiwa iwe imepanda kama gramu 1 hadi 2, na vidonge viendelee kama miezi mitatu hata baada ya kufika sawa ili akiba ijae. TSH baada ya kubadilisha dozi ni wiki 6 hadi 8. HbA1c ni miezi mitatu, mtu anayeirudia baada ya wiki mbili ili aone kama kuacha soda kumefanya kazi anatoboa mkono bure, chembe zilizopimwa mara ya kwanza nyingi bado ziko humohumo mwilini.